Ujira Ujulikane Kabla ya Kazi

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, na tunamtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu,

Mnyama hana ulimi wa kueleza maumivu yake. Ng'ombe ashindwapo kuzaa usiku wa manane, mwenyewe humkimbilia daktari wa mifugo, wala hana nafasi ya kuuliza bei huku na huku. Lolote atakaloambiwa atalikubali. Basi mwenye dawa mkononi amebeba amana mbili: uhai wa kiumbe na mali ya mwenziwe.

Wanazuoni wa fikihi, katika mlango wa ijara, wameshurutisha ujira ujulikane, ili pasiwe na hadaa wala ugomvi. Ridhaa ya asiyejua atakacholipa ni ridhaa pungufu.

Tutazame mfano wa Uingereza. Mwezi Machi 2024 mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia ushindani wa biashara ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 80 ya zahanati za wanyama hazikuonyesha bei zao kwenye intaneti. Makampuni makubwa, yaliyomiliki kiasi cha asilimia 10 ya zahanati mwaka 2013, yalikuwa yamekaribia asilimia 60. Oktoba 2025 mamlaka hiyo ikapendekeza zahanati zitangaze orodha za bei zao.

Hatusemi kwamba daktari asilipwe. Akiamshwa usiku, ana haki ya kudai zaidi ya mchana. Lakini bei kubwa iliyotajwa ni biashara. Bei iliyofichwa ni mtego.

Wala mazungumzo ya fedha yasimwache mnyama akiteseka. Huko huko Uingereza, kanuni za kazi zawataka madaktari wa wanyama wachukue hatua ili huduma ya kwanza na ya kutuliza maumivu ipatikane saa 24. Utaratibu wa haki ni huu: maumivu yatulizwe, gharama ya matibabu makubwa itajwe, mwenye mnyama aamue, ndipo kazi iendelee.

Nasi wenye mifugo tuulize mapema, wakati wa raha: ada ya mchana ni kiasi gani, ya usiku kiasi gani, nauli na dawa hulipwa na nani? Na kazi ikiisha, tulipe bila ya kuzungusha.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika biashara zetu na huruma kwa viumbe vyake. Amin.