S ya Tano



Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza utaratibu wa Kijapani wa S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Nne za kwanza hata kiranja wa bweni aliziweza, tena kwa filimbi tu. Kazi ipo kwenye Shikilia, yaani kuendelea hata mgeni wa Wizara akishaondoka.

Chukueni masjala. Jalada la mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe halionekani, wiki ya tatu sasa. Mkubwa anafoka, makabati yanapangwa upya. Baada ya mwezi mambo ni yale yale. Karani anajua sababu: maofisa huchukua majalada bila kusaini daftari, na mkubwa ndiye wa kwanza. Nani atamwambia?

Katika viwanda vya Toyota, kwa miaka mingi mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro alivuta kamba kumwita msimamizi, na kazi iliweza kusimamishwa mpaka kasoro irekebishwe.

Wengi wenu humu ni wakuu wa idara. Jumatatu mwulizeni karani majalada hupotelea wapi. Akiwataja ninyi, msinune. Sainini daftari mbele yake.