Figo za Mtoto Mchanga Huokolewa Mapema



Mtoto azaliwapo Kibondo au Kasulu, wazee huuliza kama amelia na kama amenyonya. Lipo swali la tatu lisilopaswa kusahauliwa: Je, amekojoa? Watoto walio wengi hukojoa katika saa 24 za mwanzo. Zikipita saa 48 na nguo zake zingali kavu, hiyo ni dharura.

Baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa na utando unaoziba njia ya mkojo. Mkojo hurudi nyuma, kibofu huvimba na figo zote mbili huharibika. Mtoto huyo aweza kukojoa, lakini kwa matone tu, na chini ya kitovu huhisiwa uvimbe mgumu. Wengine huzaliwa na figo nzima, zikadhurika kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa maambukizo ya damu au kwa kupungukiwa maji mwilini.

Tiba ipo. Muuguzi aliyefunzwa hupitisha mpira mwembamba hadi kwenye kibofu, mkojo ukatoka siku hiyo hiyo; baadaye daktari mpasuaji huondoa utando. Figo zikishindwa kazi kwa muda, wataalamu huweza kutia maji maalumu tumboni mwa mtoto yakavuta uchafu kutoka katika damu. Lakini mabingwa wako mbali: Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kibondo.

Mwaka 2017 Muhimbili ilianza kupandikiza figo, nayo ni fahari ya Taifa. Hata hivyo, mtoto mchanga hapandikizwi figo. Kinachomwokoa ni kuwahishwa, na safari hiyo huanzia zahanati ya kijiji.

Basi, mkunga asimruhusu mama kurudi nyumbani kabla ya kuuliza habari za mkojo. Mwalimu awaeleze wazazi kwamba dawa za mitishamba zaweza kuzidhuru figo changa. Halmashauri nazo zihakikishe gari la wagonjwa lina mafuta usiku na mchana. Sera ya Serikali ni kuwatibu bure watoto wa chini ya miaka 5. Lakini sera haimfikii mtoto aliyekwama njiani.

Hospitali kubwa humtibu aliyefikishwa. Kumfikisha ni wajibu wa walio karibu naye.