Kiongozi Asiyebadili Njia
(Hotuba mbele ya wanafunzi wa zamani)



Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970. Mwaka 1975 ilifika Kapiri Mposhi, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi pamoja bila lugha moja, lakini kila mmoja alijua reli inakwenda wapi. Kati ya Mlimba na Makambako milima ilidai madaraja na mahandaki mengi. Kazi ikawa nzito, ila mwisho wa safari haukubadilishwa.

Ndugu zangu, watu hawapotei kwa uvivu tu. Hupotea kiongozi anaposema hili leo, na kesho lile. Chama chetu kimeiahidi shule maktaba. Sasa wengine wanataka ukumbi, wengine basi. Yote ni mema, lakini fedha ni hizo hizo. Naiomba kamati ishike maktaba kwanza, impe kila mwanachama sehemu yake, na itangaze kila hatua inayokamilika. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama.