Kilichotekwa ni Msimu: Ushirika wa Nafaka Mikononi mwa Wadukuzi

Mnamo Septemba 2021, wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani, wakijiandaa kuvuna mahindi na soya, chama chao cha ushirika kiitwacho NEW Cooperative, chenye makao yake mjini Fort Dodge, kilivamiwa na kundi la wadukuzi lililojiita BlackMatter. Kompyuta zikafungwa kwa msimbo wa siri, na fidia iliyodaiwa ilikuwa dola milioni 5.9. Tukio hili huelezwa kama wizi wa data. Mimi nadai kuwa kilichotekwa hasa ni msimu wenyewe. Data inaweza kusubiri mwezi mzima. Mahindi yaliyokauka shambani hayasubiri, wala nguruwe hawezi kuambiwa avumilie mpaka mtambo utengemae. Katika mazungumzo yao na wadukuzi, yaliyovuja baadaye, wawakilishi wa chama walisema programu zao zinahudumia asilimia 40 hivi ya uzalishaji wa nafaka nchini humo, na ratiba za kulisha mifugo milioni 11. Hata tukizipunguza hesabu hizo kwa kuwa zilitajwa na mtu aliyebanwa, ukweli unabaki kwamba mlango mmoja ulikuwa umebeba ghala zima.

Kwamba wakati ulilengwa kwa makusudi, ushahidi upo. Siku hizo hizo ushirika mwingine, Crystal Valley wa Minnesota, nao ulishambuliwa. Aprili 2022 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuwa vyama sita vya nafaka vilipigwa katika mavuno ya 2021 na vingine viwili mwanzoni mwa 2022, likionya kuwa wahalifu huenda wakachagua majira ya kupanda na kuvuna. Mwizi wa aina hii anaijua kalenda ya mkulima kuliko baadhi ya wajumbe wa bodi.

Wapo watakaosema: lipeni, kazi iendelee. Hoja hii ina uzito, maana hasara ya siku moja ya mavuno yaweza kuizidi fidia. Lakini miezi michache kabla, kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline ililipa takriban dola milioni 4.4, na zana iliyopewa ya kufungulia mafaili ikawa ya polepole kiasi kwamba ilibidi itegemee nakala zake yenyewe za akiba. Zaidi ya hayo, wakati huo msimbo wa BlackMatter ulikuwa na kasoro, na wataalamu wa kampuni ya Emsisoft walikuwa wakiitumia kimyakimya kuwakomboa waathirika bila malipo. Aliyelipa kwa siri hakuwapa nafasi ya kumsaidia.

Wengine hutegemea sheria na diplomasia. Juni 2021 mjini Geneva, Rais Biden alimkabidhi Rais Putin orodha ya sekta 16 zisizopaswa kuguswa na mashambulizi ya mtandaoni, chakula na kilimo zikiwemo. BlackMatter nao walitangaza kuwa hawashambulii miundombinu muhimu. Ushirika ulipowakumbusha, walijibu kuwa haumo katika kanuni zao. Yaani jambazi kajifanya jaji, na rufaa hakuna.

Kinachobaki ni chama kujiandaa kufanya kazi bila kompyuta. Pingamizi gumu zaidi dhidi ya wazo hili ni kwamba kumtaka karani ajue kupima na kuandika stakabadhi kwa mkono ni kurudi nyuma. Sivyo. Ushirika wa Iowa uliendelea kupokea nafaka na kugawa chakula cha mifugo kwa sababu ulibuni njia mbadala upesi, huku mitambo ikiwa imezimwa. Uwezo huo ndio unaomnyang'anya mdukuzi silaha yake, ambayo ni haraka yetu. Nao haujengwi na fundi wa kompyuta peke yake, kwa kuwa unagusa mizani, malipo na imani ya mwanachama. Kwa hiyo nawaomba wanaushirika: katika mkutano mkuu kabla ya mavuno, iulizeni bodi chama kitapokeaje mzigo wa kwanza siku kompyuta zote zikizimwa, na msipitishe bajeti kabla ya kupata jibu.