Mfalme Asiye na Vita: Ushahidi na Hukumu katika Filamu ya Ludwig

Wataalamu wa Kiswahili wanaufahamu mji wa Bayreuth kwa sababu ya kongamano la Kiswahili lililoanza huko mwaka 1987. Wapenzi wa muziki wanaufahamu kwa ukumbi wa Richard Wagner uliofunguliwa mwaka 1876, ukumbi ambao haungekamilika bila mkopo wa Ludwig wa Pili, mfalme wa Bavaria. Mfalme huyo ndiye aliyesawiriwa na mwongozaji wa Kiitaliano, Luchino Visconti, katika filamu ya Ludwig ya mwaka 1973, ambayo ndiyo mada ya mhadhara huu.

Mhakiki aliyezoea tendi za Kiswahili ataanza kwa mshangao. Katika utenzi wa kishujaa, ukubwa wa mhusika mkuu hupimwa uwanja wa vita, mbele ya watu wake. Filamu hii ina mavazi ya fahari, makasri halisi na urefu wa takriban saa nne, lakini vita haionekani. Mwaka 1866 Bavaria ilishindwa na Prusia. Mtazamaji anapata habari hizo chumbani, kwa vinywa vya wajumbe, huku mfalme akikataa kuzisikia. Huo si ubahili wa mtayarishaji. Ludwig, aliyetawazwa mwaka 1864 akiwa na miaka 18, alipoteza ufalme kabla ya kupoteza akili, kama kweli aliipoteza. Mwaka 1870 alitia saini barua ya kumtaka mfalme wa Prusia alipokee taji la ukaizari, na mwaka 1871 Bavaria ikaingizwa katika dola ya Ujerumani. Kilichombakia ni kujenga.

Alijenga Neuschwanstein, Linderhof na Herrenchiemsee, akajitwika madeni ya takriban marki milioni 14. Visconti hayaelezi madeni hayo kwa hesabu. Anampeleka Elisabeth, malkia wa Austria na binamu wa mfalme (Romy Schneider), katika ukumbi wa vioo wa Herrenchiemsee, ulioigwa kutoka Versailles. Elisabeth anautazama, kisha anaangua kicheko. Pengine hakuna hukumu kali zaidi katika filamu nzima, nayo imetolewa na mtu anayempenda mhukumiwa.

Hukumu nyingine zinatolewa na wasiompenda. Mara kwa mara masimulizi yanakatizwa, na mawaziri na watumishi wanaitazama kamera, wakitoa ushahidi dhidi ya bwana wao. Hapa fani inabeba uzito wa maudhui. Mnamo Juni 1886 madaktari wanne, wakiongozwa na Bernhard von Gudden, walitia saini hati iliyomtangaza mfalme kuwa mwendawazimu. Hawakumpima, walitegemea maneno ya mashahidi. Ami yake, Luitpold, akashika utawala. Kwa kuwaelekeza mashahidi hao kwa mtazamaji, Visconti anamkalisha katika kiti kile kile cha madaktari, lakini anampa walichokosa wao: kumwona mshitakiwa mwenyewe.

Wala Visconti hamtetei mteja wake kwa kumpamba. Ludwig wa Helmut Berger anavimba uso, meno yanaoza na kuwa meusi, na mwigizaji kijana analazimishwa kukariri hadi sauti inamkauka. Mtazamaji anaweza kuchukizwa naye na bado asiridhike kwamba karatasi ile ilitosha kumvua mtu taji na uhuru.

Filamu yenyewe nayo ilikatwakatwa. Visconti alipatwa na kiharusi mwaka 1972, kabla ya kazi kukamilika, na wasambazaji wakaipunguza sana, zikiwamo sehemu zilizogusa mapenzi ya mfalme kwa wanaume. Baada ya kifo cha mwongozaji mwaka 1976, washirika wake waliinunua mnadani na kuirudisha karibu na urefu wake wa awali. Kwa mwanafunzi wa miswada ya tendi, ambaye huona beti zikitoweka kutoka nakala moja hadi nyingine, jambo hili si geni: aliyeshika mkasi hushika pia sehemu ya maana. Toleo fupi lilimwacha mfalme na vituko vyake, likampunguzia sababu. Yaani lilikaribia sana hati ya madaktari.

Tarehe 13 Juni 1886 Ludwig na Gudden walitoka kutembea kando ya Ziwa Starnberg, na wote wawili wakakutwa wamekufa majini. Visconti haonyeshi kilichotokea. Anaonyesha usiku, mienge, watu wakitafuta, na mwili unaotolewa ziwani bila shahidi hata mmoja wa kuueleza.