Je, Aliyeokoka Aweza Kupotea?



Mwenye kufungua daftari la ubatizo la usharika wowote uliodumu kwa miaka mingi hukutana na majina ya namna mbili. Yako majina ambayo watoto na wajukuu wake wamo Kanisani hata leo, wengine katika kwaya, wengine katika baraza la wazee. Yako na majina yasiyo na mwendelezo. Mtu alibatizwa, pengine alipata kipaimara, kisha hakuonekana tena. Daftari halisemi alikwenda wapi. Huyu alihamia Dar es Salaam akazama katika shughuli za mji. Yule aliolewa katika nyumba ya Kiislamu akachukua jina jingine. Mwingine alitengwa kwa kosa lililojulikana na wote, akaona haya kurudi. Majina ya miaka mia moja yanaposomwa siku ya Jubilei, ndugu za watu hao wameketi kwenye mabenchi wakisikiliza. Swali walilo nalo si la chuo cha theolojia. Mama anataka kujua kama mtoto wake aliyebebwa hadi kwenye birika la ubatizo bado ni wa Bwana, au la.

Katika pwani ya Kilwa na Lindi swali hili lina uzito wa pekee. Ukoo mmoja huwa na Waislamu na Wakristo, na matanga hukaliwa pamoja bila ugomvi, jambo ambalo wageni kutoka bara hulistaajabia. Tena Walutheri wengi wa pwani hii, wao au wazazi wao, waliletwa na kazi: ualimu, uuguzi, uaskari, utumishi wa serikali. Mtu aliyelelewa Machame au Bukoba, ambako kengele ya Kanisa humwamsha na majirani humwuliza kwa nini hakuonekana ibadani, hufika Kilwa Masoko na kukuta kwamba hakuna wa kumwuliza. Mwaka wa kwanza hukosa Jumapili moja moja. Mwaka wa tatu hukumbuka Krismasi na Pasaka. Wazee wa Kanisa wanajua pia jinsi msimu wa korosho, pamoja na fedha zake na uraka wake, unavyopunguza watu kwenye meza ya Bwana. Hakuna hata mmoja wa hao aliyeamka asubuhi akaazimu kumkana Kristo.

Majibu mawili hutolewa kwa haraka. Jibu la kwanza husema kwamba aliyeokoka ameokoka. Hawezi kupotea kamwe, na akipotea, basi hakuwa ameokoka tangu mwanzo. Fundisho hili lina baba zake wenye heshima. Sinodi ya Dort ya mwaka 1618 hadi 1619 iliwafundisha Wareformati kwamba Mungu huwadumisha wateule wake hadi mwisho, nayo ilifanya hivyo ili kuwafariji waamini, si kuwapa ruhusa ya kutenda dhambi. Lakini likihubiriwa sokoni bila uangalifu, mlevi hulifanya mto wa kulalia. Jibu la pili husema kwamba kila dhambi humtoa mtu katika wokovu, naye hana budi kuokoka upya, na mahali pengine kubatizwa upya. Wako vijana wa pwani hii waliokwisha kuzamishwa mara mbili au tatu, na bado hawana amani.

Lugha ya Kiswahili yenyewe yaweza kutoa msaada hapa. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Rwanda kwenye miaka ya 1930 na kuingia Bukoba kabla ya mwisho wa muongo huo, uliwazoeza Wakristo kusema, “Nimeokoka.” Msemo huo ni mzuri, nao ulizaa matunda mengi. Hata hivyo, wengi huusikia kana kwamba husimulia tukio la siku fulani lililokwisha. Kiswahili hakisemi hivyo. Anayesema “mtoto amelala” hazungumzi juu ya usingizi wa juzi. Anasema kwamba mtoto yu usingizini sasa hivi, na watu wapunguze sauti. “Alilala” ni habari nyingine. Vivyo hivyo, “ameokoka” humaanisha kwamba yumo katika wokovu. Mtume Paulo naye hutumia nyakati zote tatu: kwa Waefeso (2:8) wokovu umekwisha kutolewa kwa neema, kwa Wakorintho (1 Kor. 1:18) waamini wangali wakiokolewa, kwa Warumi (5:9) wataokolewa na ghadhabu itakayokuja. Mtu akiuliza, “Umeokoka lini?” amekwisha kuchagua wakati mmoja na kuacha miwili.

Wavuvi wa Kivinje na Songo Songo wangeuelewa Waraka kwa Waebrania kuliko wasomi wengi, kwa sababu mwandishi wake hufikiri kama mtu wa pwani. Katika sura ya 2, mstari wa 1, neno la Kiyunani alilolitumia lina sura ya chombo kinachochukuliwa na mkondo taratibu hadi kikaipita bandari. Hakuna tufani wala mwamba. Nahodha amesinzia tu, na maji yamefanya kazi yake. Katika sura ya 6, mstari wa 19, yeye huyo huyo anasema juu ya nanga ya roho, iliyo imara na kuingia hata ndani ya pazia. Mkondo na nanga vyote viwili vimo katika barua moja. Paulo naye, akimwandikia Timotheo (1 Tim. 1:19), anawataja watu walioisukuma dhamiri njema mbali nao wakavunjikiwa chombo cha imani yao. Mtu hawezi kuvunjikiwa chombo ambacho hakupata kukipanda. Basi Maandiko yanasema wazi kwamba imani ya kweli yaweza kupotezwa.

Lakini Yohana 10:28 inasema kwamba hakuna atakayewapokonya kondoo katika mkono wa Bwana. Hapa historia ya pwani hii yafaa kukumbukwa. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 19. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa na kuishia hapo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa, akashuka Lindi, na kupanda nao hadi Masasi, ambako walijenga kijiji chao. Watu hao walilijua neno “ukombozi” kabla ya kulisoma katika Biblia. Mwaka 1882 Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara waliivamia Masasi, na baadhi ya waliokombolewa wakachukuliwa mateka. Aliyekwisha kuwekwa huru aliweza kutiwa kamba tena, kwa sababu waliomkomboa hawakuwa na nguvu ya kumlinda.

Ahadi ya Yohana inakanusha jambo hilo hasa. Hakuna mvamizi mwenye nguvu kuliko Mkombozi. Si jini, si mchawi, si umaskini, si mauti: Warumi 8:38 na 39 huvihesabu vitu hivyo kimoja kimoja, vikuu na vidogo, na kuvifungia nje vyote. Mkristo anayeogopa kwamba amelogwa na kwa hiyo ametolewa mkononi mwa Kristo aambiwe pasipo kusita kwamba hilo haliwezekani. Lile linalowezekana ni jingine: mtu kuondoka kwa miguu yake, akiwa ameliona pendo na kulipa kisogo. Ahadi haikutolewa ili kumfunga kamba asiyetaka kukaa.

Suala hili si geni kwa Kanisa, na lilijadiliwa kwa uchungu mkubwa katika bara hili la Afrika. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru raia wote waitolee miungu sadaka. Karthago, katika nchi iitwayo Tunisia leo, Wakristo wengi walitoa sadaka hizo. Wengine walinunua hati za kuthibitisha kwamba wametoa, ingawa hawakutoa. Mateso yalipopoa, walirudi wakibisha hodi. Novatian, kasisi wa Roma, alisema Kanisa halina mamlaka ya kuwasamehe. Askofu Cyprian wa Karthago, pamoja na maaskofu wenzake, aliona njia nyingine: toba ya kweli, yenye muda na ushuhuda, kisha kupokelewa. Kanisa lilimfuata Cyprian. Ni vema ikumbukwe kwamba askofu huyo hakuwa mtu wa kuchukulia dhambi kijuujuu. Yeye mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo wachungaji wa KKKT hufungwa nalo wanapobarikiwa, linaligusa jambo hili katika kifungu cha 12. Kwa upande mmoja linawakataa waliofundisha kwamba aliyekwisha kuhesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. Kwa upande wa pili linawakataa Wanovatian waliowanyima ondoleo walioanguka baada ya ubatizo. Makala za Smalkald za mwaka 1537 humtaja Daudi: alipoanguka katika uzinzi na uuaji, imani na Roho vilikuwa vimemwondokea. Walutheri hawakusema kwamba alibaki mtakatifu moyoni wakati mikono yake ikiwa na damu ya Uria. Wala hawakusema kwamba Nathani alitumwa bure.

Waebrania 6:4 hadi 6 inabaki kuwa ngumu. Martin Luther mwenyewe, katika utangulizi alioutia kwenye tafsiri yake ya mwaka 1522, alikiri kwamba hapo pana fundo gumu, kwa kuwa mwandishi anaonekana kuwafungia mlango wa toba walioanguka baada ya ubatizo. Njia iliyo salama ni kutazama anayeambiwa. Mwandishi anasema na watu waliokuwa wakitafuta njia ya kumwacha Kristo wakidhani itapatikana nyingine. Nyingine haipo, na nje ya huyu hakuna wa kumrejeza mtu. Maneno hayo yawe makali kwa mwenye kupanga kuondoka. Anayelia usiku kwa hofu kwamba amekwisha kuondoka mno, huyo bado anamtafuta Bwana, na maneno hayo hayakuandikwa ili yamsukume shimoni. Mchungaji anayempa mwenye kiburi ahadi na mwenye hofu onyo amegawa dawa kinyume, ingawa chupa zote mbili ni za duka moja.

Kuhusu ubatizo wa pili, Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 ina mfano ambao ungeweza kutungwa Kilwa. Tangu zamani baadhi ya walimu, akiwamo Jerome, waliiita toba ubao wa pili, yaani ubao wa kushika baada ya merikebu kuvunjika. Luther hakukubaliana nao. Merikebu ya ubatizo, alifundisha, haivunjiki, kwa sababu ni kazi ya Mungu. Kinachotokea ni kwamba mtu huteleza akaanguka baharini. Aangukaye na aogelee hadi chomboni, akishike, apande. Jahazi lingali pale pale na tanga lake; hakuna fundi wa kuitwa kuunda jingine. Kwa hiyo Kanisa halimmwagii maji tena anayerudi, hata kama amekaa nje miaka thelathini, hata kama aliliacha jina la Kristo kabisa na kuchukua dini nyingine.

Kutengwa nako hakuna budi kueleweka kwa mwanga huo. Kumzuia mtu kwenye Chakula cha Bwana ni kumpigia kelele kwamba yuko majini. Bahati mbaya, mahali pengine adhabu hiyo hutolewa mbele ya usharika mzima Jumapili, kisha hakuna anayepita nyumbani kwa mtu huyo mwaka mzima. Msichana aliyepata mimba husimamishwa peke yake, na kijana aliyehusika huendelea kuimba besi. Namna hiyo haifanani na lolote lililotajwa hapo juu, wala Cyprian asingeitambua.

Katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 10 unamtaja Dema aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu akaenda Thesalonike. Mstari wa 11 unamtaja Marko, ambaye naye aliwahi kuwaacha wenzake huko Pamfilia, hata Paulo na Barnaba wakatengana kwa sababu yake. Sasa Paulo anaagiza aletwe, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Majina hayo mawili yamekaa jirani katika ukurasa mmoja. Habari za Dema baada ya Thesalonike hazikuandikwa. Wazee wa mitaa watakaogawana majina ya daftari wiki hii, ili wayafuatilie nyumba kwa nyumba kuanzia Masoko hadi Lindi mjini, watakuta akina Marko na akina Dema, na hawataweza kuwatofautisha kabla ya kubisha hodi.