Geji Tatu na Ruhusa ya Kusimama

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vyenye gari)

Tumeombwa tuongee juu ya kuongeza geji kwenye gari ya kikundi. Geji ni kile kipimo chenye mshale ambacho dereva hukitazama akiendesha. Wengine mtasema hayo ni mambo ya fundi na dereva. Hapana. Gari iliyonunuliwa kwa hisa za watu arobaini ni jambo la watu arobaini. Injini ikiungua, hakuna mwanachama atakayesema hisa yake ilipona.

Je, kwa nini tuongeze geji na gari ilikuja na zake? Magari mengi huja na geji ya joto la maji, na mara nyingi mshale wake umetengenezwa ukae katikati hata joto likibadilika. Ukiuona unaanza kupanda, shida imeshafika. Presha ya oili nayo mara nyingi ina taa nyekundu tu, na taa hiyo huwaka wakati presha imekaribia kwisha. Upande wa giaboksi ya otomatiki, pikapu nyingi hazina kipimo cha joto hata kimoja.

Tuseme kidogo juu ya hizi otomatiki, kwa sababu vikundi vingine vimeanza kuzinunua. Hazina klachi ya mguu. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili, na oili ndiyo inayopitisha nguvu. Gari ikiwa na mzigo mzito na inapanda mlima polepole, oili inakorogwa sana ndani ya chombo hicho, na sehemu ya nguvu inageuka kuwa joto. Fikirieni pikapu yenye magunia ya viazi ikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Oili ya giaboksi hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la digrii 80 hadi 95 hivi. Ikifika 120 na kukaa hapo, huharibika upesi. Inakuwa nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungua, na sahani za ndani zinaanza kuteleza. Hapo mtatafuta giaboksi nyingine.

Basi geji tunazopendekeza ni tatu: joto la maji, presha ya oili ya injini, na joto la oili ya giaboksi kwa gari ya otomatiki. Kila geji ina sensa yake. Si ile sensa ya kuhesabu watu! Hii ni kifaa kidogo cha kufungwa kwa nyuzi kama boliti, kinachohisi joto au presha na kupeleka habari kwa waya. Nunueni geji pamoja na sensa yake. Sensa ya aina nyingine hufanya mshale useme uongo. Angalieni pia umeme wa gari: pikapu hutumia volti 12, lakini malori mengi makubwa hutumia 24.

Kabla ya kufunga, ijaribuni. Chemsheni maji kwa sufuria kuukuu, ambayo haitapikiwa tena. Fundi aunge geji na betri, kisha aning'inize ncha ya sensa ya joto ndani ya maji, na mwili wake auunge kwa waya na upande hasi wa betri. Maji yakichemka, mshale usome karibu digrii 100 kama mko Mombasa. Nairobi utasoma 94 au 95, na Limuru karibu 93, kwa sababu ukipanda juu maji huchemka mapema. Ndiyo maana pia kifuniko cha redieta kisichoshika presha ni hatari sana huku milimani. Msikitie kitambaa wala kipande cha mpira badala yake.

Sasa kazi ya kufunga. Kwanza, injini iwe imepoa, na waya hasi wa betri utolewe. Pili, sensa ya presha ya oili ifungwe kwa kiungo cha umbo la T ili taa ya zamani ibaki ikifanya kazi. Tatu, sensa ya giaboksi ifungwe kwenye bakuli la oili la chini. Bakuli litolewe kwanza, lichomelewe nati pembeni, lisafishwe kabisa, ndipo lirudishwe na oili mpya. Sensa isitokeze chini kabisa, maana barabara zetu mnazijua: jiwe moja tu na oili yote imemwagika.

Nne, sensa nyingi za waya mmoja hurudisha umeme kupitia chuma cha gari. Fundi akizizungushia tepu nyeupe ya mabomba kwa wingi, umeme unaweza kukosa njia na mshale usisome sawasawa. Tano, waya ikipita kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na dereva, tundu liwekwe mpira, la sivyo bati litaikata ngozi. Waya zikae mbali na ekzosi. Sita, waya ya umeme ichukuliwe mahali panapowaka ufunguo ukifunguliwa, na iwe na fyuzi ndogo karibu na pale inapoanzia. Gari imewahi kuungua kwa waya moja isiyo na fyuzi.

Haya, geji zimefungwa. Dereva afanye nini? Kila geji ina dawa yake, na dawa hizi hazifanani.

Presha ya oili ikianguka hadi sifuri, zima injini mara moja, pale pale mnapoweza kusimama salama. Usiseme utafika sokoni kwanza.

Joto la maji likizidi, simama, zima, ngoja. Usifungue redieta ikiwa moto. Na mshale ukianguka ghafula baada ya kupanda, usifurahi. Huenda maji yamekwisha na sensa imebaki kwenye hewa.

Joto la oili ya giaboksi likikaribia 120, na maji ya injini yako sawa, simama, weka gia kwenye P, lakini injini iendelee kunguruma polepole. Ikizunguka, oili inapita kwenye kipozeo chake na kurudi. Ukizima, oili ya moto inalala mle ndani. Mkipanda tena, tumia gia ya chini badala ya kuiacha kwenye D.

Andikeni kwenye daftari la safari namba za kawaida za gari yenu: ikiwa tupu, ikiwa na mzigo, ikiwa mlimani. Mkiona mwezi huu mlima ule ule na mzigo ule ule unaleta digrii 10 zaidi, mwiteni fundi kabla gari haijawaita ninyi. Daftari hilo pia linaondoa ugomvi. Gari inapoharibika, kamati humlaumu dereva, naye dereva hulaumu kamati kwa kuongeza magunia. Namba zilizoandikwa kila safari husaidia kuonyesha shida ilianza lini.

Neno letu la mwisho ni kwa kamati. Geji peke yake haiokoi gari. Anayeiokoa ni dereva anayesimama. Lakini dereva anayekatwa mshahara kwa kuchelewesha maziwa dakika thelathini hatasimama tena. Atautazama mshale ukipanda, atanyamaza, na ataendelea kukanyaga. Hapo mtakuwa mmenunua mapambo ya dashibodi.

Kwa hivyo kabla ya kwenda kununua geji, fanyeni mkutano. Pitisheni, na katibu aandike, kwamba dereva anayesimama kwa sababu ya geji hana kosa, hata kama baadaye itaonekana hapakuwa na shida. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa giaboksi ni ghali.

Mwenye swali aulize.